Majoho Sitini ya Babeli

Majoho yalikuwa sitini, ya satini ya zambarau, na kila moja mgongoni lilikuwa na neno BABELI kwa uzi wa dhahabu, herufi kubwa kama za ubao wa stesheni ya reli. Niliyaagiza mimi mwenyewe kwa mdomo wangu, na aliyeyashona hakukosea hata herufi moja.

Ilikuwa Guangzhou, mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati sisi kina mama wa bara tulipoanza kuiacha Dubai na kuzifuata nguo zinakotoka. Waliohusika nawakumbuka wote, majina matatu matatu, pamoja na majina ya mama zao, maana shule niliishia darasa la pili na kichwani nafasi ilibaki nyingi. Lakini baadhi yao wako hai, na wana wajukuu wanaosoma. Majina nitabaki nayo mwenyewe.

Kazi yangu ilikuwa nguo za watoto. Nilinunua Shisanhang, mtaa wa nguo za jumla, ambako ukiinama kufunga kamba ya kiatu unainuka uko duka la nne kutoka pale ulipoinamia. Safari ile nilikuwa na kazi ya pili. Kanisa letu jipya lilikuwa liwekwe wakfu na askofu Jumapili ya Matawi, na kwaya kuu ilinituma majoho mapya. Yale ya zamani hatukuwa nayo tena. Mimi ndiye niliyesimama kikaoni nikasema tuwape wenzetu wa mtaa wa porini, tusiingie nyumba mpya na matambara. Wakapiga makofi, yakaondoka wiki ileile. Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi kwa kila mtu: majoho mapya yasipofika, siku ile haiimbi kwaya kuu. Inaimba kwaya ya vijana, ile yenye gitaa la umeme, na sisi tulioimba miaka ishirini tunakaa mabenchini kama wageni wa harusi ya jirani.

Sampuli, joho moja lililobaki, nilipewa na mzee mmoja wa sauti ya besi, ambaye husimama mstari wa nyuma kabisa, mgongo ukutani. Mwaka mmoja kabla, vijana walikuwa wameigiza habari za wale vijana watatu na tanuru la moto. Huyu mzee, kwa kuwa ana tumbo la kifalme, akapewa awe mfalme wa Babeli. Na ili watu wa mabenchi ya mwisho wajue ni nani hata akigeuka, mkewe akamshonea jina la mji mgongoni. Mchezo ukaisha, herufi zikabaki. Zilikuwa zimeshonwa vizuri, kuzifumua ni hasara, na ukuta hausomi.

Mimi hayo sikuyajua, mchezo ulipochezwa nilikuwa safarini. Nililichukua joho likiwa limekunjwa, kifua juu, na vivyo hivyo nikamfikishia laoban. Laoban ndiyo bosi kwa lugha yao. Mwenye kiwanda unamwita hivyo naye anakuita hivyohivyo, mkapeana vyeo. Huyu alikuwa mwanamke mfupi mwenye kiwanda ghorofa ya tano, cherehani thelathini na mabinti thelathini. Nikamwonyesha kola, nikamwonyesha mikono, nikamwonyesha marinda. Nilikuwa nimejifunza neno lao la kusema "vilevile", nalo ni yiyang, nikalitoa kwa fahari kama niliyezaliwa pale ngazini:

"Yiyang! Sitini, yiyang!"

Akalishika joho lote, akazungusha kidole juu yake. "Yiyang?"

"Yiyang, mama. Kila kitu yiyang. Usinipunguzie."

Hakunipunguzia.

Majoho tuliyafungua chumbani hotelini, mimi na mwenzangu mmoja wa Tabora, mama mnunuzi wa redio ambaye tulikuwa tunalala naye chumba kimoja. Kontena lilikuwa lifungwe baada ya siku nne. Mimi nilikuwa nasifia kola. Mwenzangu alikuwa upande wa pili wa kitanda.

"Dada, hii ni kampuni?"

"Kampuni gani?"

"Hii ya mgongoni."

Nikalizungusha joho. Nikasoma pole pole, herufi moja moja, nikitumaini nikifika mwisho litakuwa neno jingine. Nikachukua la pili. Nikachukua la kumi. Mwenzangu alikuwa amekaa chini, ameshika tumbo, machozi yanamtoka.

"Dada yangu! Wenzio wamekutuma kwaya, wewe umeleta jeshi!"

"Usinicheke, nitakufa."

"Usife. Ukifa watakuzika na moja."

Tukamtafuta mkalimani wetu. Alikuwa mwanafunzi wa Zanzibar, kijana Mwislamu mwenye adabu zake, anasomea mambo ya mabwawa na mifereji kwa ufadhili, mwaka wake wa nne, Kichina kinamtoka bila jasho. Akatuamkia, akasikiliza, akauma mdomo asicheke, tukapanda naye ghorofa ya tano. Kule mabinti walikuwa wanafunga mizigo yao. Sikukuu ya mwaka mpya wao ilikuwa imekaribia, na kesho yake wote wanapanda treni kurudi kwao, wasionekane mpaka mwezi uishe.

Laoban alinipokea kwa furaha. Alisema maneno mengi, akigonga kifua.

"Anasema," kijana akatafsiri, "uzi wa dhahabu hakukutoza, mama. Amekupa kwa heshima ya jina. Anasema alilipeleka kwa mtu anayejua herufi zetu, akamwambia ni mji wa kale. Yeye alisoma habari zake shuleni, mji wenye bustani iliyoning'inia juu. Anauliza, kwani nyinyi kampuni yenu inauza maua?"

"Mwambie sisi ni kwaya."

Akamwambia. Laoban akafikiri. Akasema neno.

"Anasema hata kwaya inapendeza na maua."

Nikamwomba azifumue. Akakubali kujaribu moja. Binti mmoja akakaa na kiwembe robo saa, akafumua herufi zote sita, uzi wa dhahabu ukawa rundo magotini pake. Akalitandaza joho dirishani, na pale pale neno likawa linasomeka vizuri kuliko mwanzo, maana sasa mwanga ulikuwa unapita kwenye matundu ya sindano. BABELI, kwa nuru ya jua. Mwenzangu alitoka nje ya mlango akacheka kule ngazini.

Nikauliza juu ya kiraka. "Meiyou," akasema laoban, yaani hakuna: satini ile imekwisha, na mabinti wanaondoka. Na kiraka kwetu nyumbani? Mzigo ungefika wiki moja hivi kabla ya Matawi, kama forodha ikiwa na huruma, na wiki ile mafundi wote wa mji wetu wanashona nguo za Pasaka mpaka wanasinzia kwenye pedali. Halafu fikiria mwenyewe, majoho mapya kutoka China, yana viraka sitini. Bora neno.

Laoban alifikicha macho. Ndipo nilipoona naye limemwingia, na furaha ya uzi wake imemwishia. Akatushika mikono sote, akatupa machungwa, tukashuka.

Tulikula mchana ule Xiaobei, mtaa wa Waafrika, kwenye kibanda cha tambi kilicho karibu na jengo la Tianxiu, joho moja likiwa limetandazwa juu ya kiti cha tano kama mgeni wetu. Akaja kukaa nasi Mkenya mmoja muuza viatu, nywele zake zimesokotwa mpaka mabegani. Alipoliona akainuka.

"Mathe! Hii umetoa wapi? Hii ni moto!"

"Ni msiba, mwanangu."

"Msiba wapi? Babiloni, mathe! Unajua Babiloni ni nini? Ni karao. Ni serikali. Ni hawa wasee wanatusimamisha kila kona, leta pasi, leta karatasi. Ukivaa hii mgongoni unawaambia: mko nyuma yangu, mnanifuata, nawajua." Akalishika kola. "Niuzie yote sitini. Nairobi hayamalizi siku mbili."

Sikatai kwamba nilifikiri. Lakini angeyachukua, nami ningerudi na nini? Nikamwambia hapana.

"Babeli si polisi," akasema mwenzangu. "Babeli ni yule mwanamke wa kwenye Ufunuo, aliyelewa, aliyepanda mnyama. Dada, utamvisha mzee wako wa besi mwanamke mlevi?"

"Mchungaji wetu anasema ni machafuko," nikasema. "Walijenga mnara, lugha zikavurugwa, wakawa hawasikilizani. Ndiyo maana yake: kuvurugika."

Yule kijana wa Zanzibar alikuwa anazungusha tambi tu. Nikamuuliza kwao wanasemaje.

"Kwetu imo, mama. Babil. Malaika wawili walikuwa huko, wakawa mtihani kwa watu kwa uchawi waliokuwa wakiufundisha. Lakini hiyo ni habari ya mji, siyo maana ya jina." Akaweka vijiti chini. "Nilipata kusoma kitabu maktaba. Wenye mji wenyewe, zamani hizo, walikuwa wanalisoma jina lao kuwa ni lango la mungu. Mji ukakua, ukatawala miji mingine, nchi nzima ikaitwa kwa jina la mji. Wakienda kupigana wanakwenda nalo, wakipigwa wanapigwa nalo. Maana ya kuvurugika ni ya waliotekwa wakapelekwa huko. Hawakuwa na sababu ya kulisifu."

"Ala! Kumbe lango la Mungu!" Nikainuka nusu. "Si maana nzuri hiyo? Hiyo ndiyo ya kumwambia mchungaji."

"Ngoja, mama. Kitabu kinasema tena, huenda na hao wenyewe walikuwa wanakisia. Inawezekana jina lilikuwepo kabla yao, la watu wengine, kwa lugha isiyojulikana. Wao wamelikuta tu wakalitafutia maana."

"Sasa si aulizwe mwenye jina?"

"Mama, mwenye jina kafa."

"Wote?"

"Wote. Miaka zaidi ya elfu mbili."

"Hakubaki hata bibi mmoja?"

Mkenya akacheka mpaka akamwaga mchuzi. Mimi sikuona la kuchekesha. Maisha yangu yote jina nisilolijua namuuliza mwenyewe, au mama yake, au mkunga. Mji mkubwa hivyo, ufalme mzima, halafu jina lake limeachwa njiani kama sufuria bila mfuniko, kila apitaye anaweka chake.

Saa tisa alasiri, ambayo kwetu ni saa nne asubuhi, nikaingia kwenye kibanda cha simu. Ofisi ya kanisa letu ilikuwa na simu moja, na aliyeipokea ni mchungaji mwenyewe. Nilimweleza tangu mwanzo, haraka haraka, huku tarakimu za bei zikikimbia kwenye kile kioo kidogo. Mwenzangu alikuwa nje ya mlango wa kibanda, sikio kwenye tundu.

Mchungaji akasema, "Mama, rudia hapo mgongoni."

"Babeli, Baba Mchungaji."

"Yote sitini?"

"Moja limefumuliwa. Linasomeka."

"Mama! Askofu anakuja kuweka wakfu nyumba ya Bwana, na sisi tunamzungusha kanisa mara tatu, kwaya imemtangulia, anasoma Babeli, Babeli, Babeli?"

"Kuna wanaosema ni lango la Mungu."

"Nani anasema?"

"Kijana wa mabwawa."

"Mama, mimi nimekaa chuo cha theolojia miaka mitano. Babeli ni machafuko. Mwanzo kumi na moja."

"Najua."

"Na Ufunuo?"

"Na Ufunuo najua. Nimeambiwa leo, mezani."

"Basi yaache huko huko. Kwaya ya vijana itaimba. Mungu ataangalia moyo."

Niliwaona wenzangu wa sauti ya kwanza, mmoja mmoja na majina yao, wamekaa mabenchini, mikono mapajani, gitaa linalia. Na mimi ndiye niliyegawa majoho yao. Nikashika mkonga wa simu kwa mikono miwili.

"Baba Mchungaji, hili kanisa ni la ngapi?"

"La tatu. Unajua."

"La kwanza lilipatwa na nini?"

"Mvua, ukuta ukalala. Mama, simu inakula—"

"La pili?"

"Upepo ulichukua paa. Kwa nini unaniuliza?"

"Mwanamke kwetu akizika wawili, wa tatu anamwitaje?"

Kila aliyezaliwa kwetu anajua. Nyumba ambayo watoto hawakai, mtoto akizaliwa hapewi jina zuri. Anapewa jina la kinyesi, la jalala, la shida, kifo kipite kikimwona kama kitu kisichofaa kuibiwa. Jina zuri ni kama nguo nzuri kwenye kamba, linavuta macho.

"Hayo ni mambo ya kale," akasema.

"Ya kale kweli, na mimi nilikuwepo. Baba Mchungaji, ile herufi iliyo katikati ya jina lako, ile yenye nukta, mimi naijua kwa urefu wake, jina zima."

Nje mwenzangu aliacha kucheka.

"Nilikuwa na miaka kumi," nikasema. "Mama yako alikuwa amezika wanne. Alfajiri walikutoa wakakulaza juu ya jalala, juu ya ungo, nami ndiye niliyeshika maji ya kukuogeshea. Shangazi yako akapita kama mpita njia asiyejua kitu. Akasema, 'Nani katupa takataka zake njiani? Basi naziokota mimi.' Akakuokota, akakurudisha ndani, ukaitwa hivyo hivyo. Sikutaji, hata hapa China sikutaji. Lakini una miaka mingapi sasa?"

"Arobaini na saba."

"Basi."

Nilisikia pumzi yake tu, na nyuma yake jogoo wa pale ofisini. Aliponena tena hakunena kwa Kiswahili cha mimbarini. Alinena kwa kilugha, sauti ya chini, kama mtoto wa nyumbani.

"Nani mwingine anajua?"

"Tumebaki wawili. Na huyo wa pili hasikii vizuri siku hizi."

"Mama yangu alilia?"

Hilo sikulitegemea. Nilikuwa nimekuja kushindana. Nikamwambia kweli: hakulia, alikaa mlangoni ameuma kanga, akimtazama shangazi mpaka akafika kwenye jalala, na alipoona ameinama kuokota, ndipo alipoanza kupumua.

"Haya," akasema mchungaji. "Yapakieni. Lakini mimi maana sielezi kwa mtu yeyote."

"Usieleze. Kila mtu ana ya kwake."

Yakapakiwa. Yule kijana wa Zanzibar akatusaidia kushusha furushi ngazini, na laoban akaja mwenyewe, siku ya mapumziko yake, na joho la sitini na moja. Alikaa peke yake kwenye kiwanda kitupu, akalishona kwa kipande cha mwisho alichokikuta nyuma ya cherehani, badala ya lile lililofumuliwa. Mgongoni alikuwa ameweka BABELI. Hakutaka kutupunguzia.

Yalifika siku tisa kabla ya Matawi. Kikao cha kwaya kilikuwa kirefu, wapo waliosema watavaa kinyume, ndani nje, wapo waliosema tutembee kinyumenyume mbele ya askofu, tukajaribu uani, mzee wa besi akaanguka juu ya ndoo. Wazee wa kike ndio waliomaliza. Nilipowaeleza habari ya kanisa la kwanza na la pili, hawakuuliza swali. Mmoja wao alichukua joho, akalivaa, akakaa nalo.

Siku ile tulizunguka kanisa mara tatu, kwaya kuu mbele, askofu nyuma yetu. Mwendo ni wa pole, jua liko mgongoni mwetu, na uzi wa dhahabu unajua kazi yake. Sikuthubutu kugeuka. Kwaya ya vijana walikuwa wamejipanga kando ya njia, na nilisikia mmoja anasoma kwa sauti kila tunapopita, kama kondakta. Mchungaji alitembea pembeni ya askofu akiangalia viatu vyake. Askofu akagonga mlango kwa fimbo, tukafunguliwa, tukaingia, tukasimama, na tuliimba. Tuliimba mpaka mabati yakatetemeka. Nimeimba mara nyingi maishani, lakini siku ile nilikuwa nasikia kila sauti peke yake na zote pamoja.

Wakati wa shukrani askofu alisimama. Alikuwa mgeni kwetu, mtu wa maneno machache, amevaa miwani minene. Akawashukuru mafundi, akawashukuru waliotoa saruji, akawashukuru waliopika. Kisha akatuangalia sisi.

"Sasa," akasema, "nimetembea nyuma ya kwaya mizunguko mitatu, nimeona jina la mfadhili aliyewanunulia majoho. Sikufichi, mchungaji, jina halikunifurahisha. Siku hizi makampuni yanajiita majina ya ajabu, hata hayafungui Biblia. Lakini mkono uliotoa haukatwi. Naomba tusimame wote tuwapigie makofi ndugu zetu wa Babeli."

Kanisa zima likasimama. Mchungaji alisimama wa mwisho, akanitazama juu ya vichwa vya watu, nami nikamtazama. Kisha akaanza kupiga makofi kwa nguvu kuliko wote, na sisi kwaya tukaona aibu kujipigia makofi wenyewe, tukainama tukashukuru kwa niaba yao.